Karo ya Januari: Kufuli Lipi Linakutosha?

Kibubu changu cha kwanza nilikinunua mwezi wa Machi kwa seremala wa kando ya barabara. Kisanduku cha mbao, kimepakwa vanishi, kimepigwa misumari pande zote, juu kina mdomo mwembamba wa kupenyeza noti iliyokunjwa mara nne. Hakina mlango wala ufunguo. Ukitaka pesa yako sharti ukivunje. Nikakiweka juu ya kabati, nikaapa kwamba sitakigusa hadi karo ya muhula wa kwanza. Wiki ya saba nilikuwa nimekipindua kichwa chini, kisu cha jikoni mkononi, nachokoa noti mojamoja kupitia mdomo ule ule. Siku hiyo hapakuwa na mgonjwa wala msiba. Palikuwa na mechi, na marafiki.

Nikampitia seremala kumlalamikia. “Mzee, kibubu chako hakifai.”

Akacheka hadi akaweka randa chini. “Kijana, kibubu hakina kosa. Kwani ulikiweka wapi?”

“Nyumbani, juu ya kabati.”

“Basi ulijiwekea mwenyewe. Wateja wangu wenye akili hukipeleka kwa mama mkwe.”

Maneno hayo ya seremala wachumi wameyaandikia vitabu. Uchumi tuliofundishwa darasani huchukulia kwamba mtu akishajua lililo bora kwake, hulifanya. Uchumi tabia huanza na yule mtu wa kisu cha jikoni: anajua lililo bora, analitaka kwa dhati, lakini leo humzidi nguvu kesho. Daniel Kahneman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kuingiza saikolojia katika uchumi, Richard Thaler akaipata 2017, na mwaka 2019 wakaipata Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, ambao baadhi ya majaribio yao mashuhuri yalifanyika Busia, magharibi mwa Kenya.

Makala haya yanalinganisha bei. Lengo ni moja: shilingi 12,000 za Kenya mkononi wiki ya kwanza ya Januari, kwa mzazi anayeanza Machi. Ni shilingi 40 kwa siku, mbao mbili kwa lugha ya mtaa, kwa siku 300. Kila njia nimeiuliza maswali matatu. Inanigharimu shilingi ngapi? Inanizuiaje mimi mwenyewe? Na mtoto akiugua usiku, itafunguka?

Kwanza, kufuli lina bei

Ukitilia shaka kwamba watu hulipia kufuli, tazama maziwa ya Kiambu. Mfugaji wa huko anaweza kumuuzia mchuuzi na kulipwa papo hapo. Anaweza pia kupeleka maziwa hayo hayo kwenye ushirika, ambao hulipa mwisho wa mwezi, tena kwa bei ya chini. Kwa hesabu ya darasani ushirika ungebaki na makopo matupu, lakini wafugaji hupeleka. Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliwapa wafugaji nafasi ya kulipwa kila siku. Walio wengi waliikataa, hata ilipotiwa nyongeza ya bei.

Wafugaji hao wanajua hesabu vizuri. Pesa ya kila siku huliwa kila siku. Ya mwezi hufika ikiwa nzima na hununua kitu kinachoonekana. Ile tofauti kati ya bei ya mchuuzi na bei ya ushirika ndiyo ada ya kufuli, na wanailipa kwa hiari. Kwa hiyo tusiangalie riba peke yake. Njia inayoonekana ghali yaweza kuwa rahisi, na ya bure ikakutoa pumzi.

Kibubu

Gharama yake ni bei ya mbao na misumari, basi. Hakizai riba, huibika, na huungua nyumba ikiungua. Hata hivyo usikidharau. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapelekea wanachama wa vyama vya mzunguko magharibi mwa Kenya visanduku vya kuwekea akiba ya afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliopewa kisanduku chenye ufunguo wao wenyewe waliongeza matumizi ya kinga, kama vile vyandarua, kwa takriban theluthi mbili. Sanduku tu, na ufunguo mfukoni.

Sababu mojawapo ni kwamba pesa iliyopewa jina huwa ngumu kuigusa. Noti ya 200 iliyo mfukoni haina mwenyewe. Ikishaingia kwenye sanduku la karo imekuwa ya mtoto. Thaler ameandika sana juu ya hesabu hizi za kichwani, na mama yeyote mwenye noti za kodi kwenye kona moja ya leso na za unga kwenye kona nyingine anazifahamu.

Kundi jingine lilipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulishikwa na msimamizi wa mradi, kisifunguliwe hadi lengo litimie. Ungedhani hicho kingefanya vizuri zaidi. Kwa wastani hakikusaidia kununua kinga hizo, kwa kuwa watu walisita kufungia pesa mahali ambapo hata ugonjwa wa ghafla haungeweza kuifikia. Kufuli likizidi kukaza, watu hawalitii pesa.

Hukumu: kibubu kinamfaa mwenye nidhamu ya wastani na nyumba salama. Kwa mwenye kisu cha jikoni, ushauri wa seremala ni mzuri kuliko inavyosikika. Kwa mama mkwe pesa ya dawa utaipata ukiomba kwa heshima. Pesa ya mechi utaona haya kuitaja.

Mchezo

Wengine huita upatu, wengine chama cha mzunguko, pwani wengi husema mchezo tu. Chukua watu kumi, kila mmoja atoe 1,200 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja anabeba 12,000, na baada ya miezi kumi, Machi hadi Desemba, kila mtu ameshapokea.

Bei yake hutegemea zamu. Anayepokea Machi amepata mkopo bila riba. Anayepokea Desemba ameweka akiba miezi kumi bila faida. Tuseme angeweka 1,200 hizo mwisho wa kila mwezi kwenye akaunti ya riba ya 6% kwa mwaka: hadi Desemba angepata takriban shilingi 270 za ziada, kabla ya kodi. Hizo 270 ndizo gharama ya kuwa wa mwisho.

Mtu wa hesabu atauliza: kwa nini mtu akubali zamu ya mwisho, na si benki? Mary Kay Gugerty alichunguza vyama hivi magharibi mwa Kenya, na utafiti wake wa mwaka 2007 unaonyesha kwamba watu hujiunga kwa sababu kuweka akiba peke yao kunawashinda. Siku ya mchango watu tisa wanakutazama, faini inakungoja, na jina lako litatajwa sokoni. Siobhan Anderson na Jean-Marie Baland, waliochunguza Kibera, waliongeza sababu nyingine mwaka 2002: mke hupeleka pesa kwenye chama ili isichukuliwe ndani ya nyumba. “Pesa ya chama” ni jibu ambalo mume hawezi kulijadili.

Liko pia lile la ukoo. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya majaribio katika vijiji vya Kenya, na wakachapisha mwaka 2016 kwamba wanawake ambao jamaa zao walikuwepo walikuwa tayari kupoteza sehemu ya kipato ili tu kisionekane. Anayeitwa shangazi na watoto ishirini ataelewa. Pesa inayoonekana ina ndugu wengi.

Kasoro za mchezo ni mbili. Mtu akipokea mapema akahama mtaa, wengine wanabaki na daftari. Na mtoto akiugua mwezi wa Juni ilhali zamu yako ni Desemba, utabaki kubembeleza mtu mbadilishane. Vyama vyenye busara hutenga kapu dogo la dharura. Uliza kama chenu kinalo kabla ya kutoa mchango wa kwanza.

Hukumu: kwa anayeshindwa na nafsi yake au anayebanwa na jamaa, ni kufuli zuri kwa bei ndogo.

Akaunti ya simu iliyofungwa

M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, na huduma nyingine za aina hiyo hukuruhusu kufungia pesa kwa muda unaouchagua mwenyewe. Riba hulipwa. Tena kwa kuwa ni akaunti ya benki, inalindwa na Shirika la Bima ya Amana la Kenya hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika benki moja. Kibubu na mchezo havina ulinzi huo. Ukitaka kuifungua kabla ya muda, unatoa taarifa na kusubiri. Kusubiri kwenyewe ni dawa, kwa sababu hamu ya mechi haidumu siku mbili.

Udhaifu wake ni kwamba haionekani. Kibubu hukukodolea macho kila asubuhi, mchezo una kikao. Akaunti imejificha nyuma ya menyu tano. Ukisahau wiki mbili, hakuna wa kukuuliza. Jaribio moja lilifanywa Kenya na wateja wa mpango wa pensheni wa Mbao, ulioitwa hivyo kwa sababu mchango wake ulikuwa shilingi 20 kwa siku. Baadhi walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha, baadhi wakaongezewa asilimia fulani juu ya akiba yao. Kundi jingine lilipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba 24, moja kwa kila wiki, ya kuweka nyumbani na kukwaruza kila wiki kuonyesha kama wameweka akiba. Sarafu ndiyo iliyoshinda. Akiba ya waliopewa ilikaribia kuwa maradufu.

Hukumu: ndiyo njia yenye faida kubwa zaidi ukizingatia shilingi, mradi ujitengenezee sarafu yako. Kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu vinatosha. Mtoto ndiye awe wa kutia alama.

Sacco

Hapa akiba na mkopo vinakaa nyumba moja. Kwa kawaida unaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yako, ukiwa na wadhamini, kwa riba iliyozoeleka ya 1% kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Kopa 12,000, ulipe 1,000 kila mwezi pamoja na riba: mwezi wa kwanza riba ni 120, wa pili 110, hivyo hivyo hadi 10. Jumla ya mwaka mzima ni shilingi 780. Shika namba hiyo, tutairudia.

Kufuli lake ni kali kwa upole. Akiba ya msingi huwezi kuitoa ukiwa bado mwanachama, lakini unaweza kuikopea, kwa hiyo ugonjwa una mlango. Wanaoajiriwa wana nguvu ya ziada: makato hutoka kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Thaler na Shlomo Benartzi walionyesha Marekani, mwaka 2004, nguvu ya kuamua mapema na kuacha makato yafanye kazi. Wafanyakazi walioahidi kwamba kila mshahara ukipanda sehemu ya nyongeza iende akibani walitoka kuweka 3.5% ya mshahara hadi 13.6% ndani ya miezi 40. Hawakuhisi wamenyang’anywa, kwa kuwa nyongeza hawakuwahi kuizoea.

Angalizo: hakikisha Sacco yako ina leseni, na ujue kwamba bima ile ya amana za benki haigusi Sacco. Ukimdhamini mwenzako akashindwa kulipa, akiba yako ndiyo itakayokatwa.

Kulipa shule mapema

Njia hii haihitaji kufungua akaunti yoyote. Shule nyingi zina namba ya malipo ya simu, na hupokea kiasi chochote siku yoyote. Tuma 1,200 kila mwezi, omba risiti, na pesa imeshafika ilikokuwa ikienda. Gharama yake ni ada ya kutuma na riba unayoikosa. Hatari yake ni kwamba haitarudi, hata mtoto akiugua au akihamia shule nyingine.

Wenye kuuza wangejifunza hapa. Duflo, Kremer na Robinson waligundua Busia kwamba wakulima wengi hukusudia kununua mbolea, lakini pesa ya mavuno huisha kabla ya msimu wa kupanda. Wakajaribu kuwauzia mbolea mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mkononi, na kuwaletea bila malipo baadaye. Punguzo hilo dogo kwa wakati unaofaa lilifanya kazi kubwa, takriban sawa na kuwapunguzia nusu ya bei msimu wa kupanda ukishafika. Shule, duka la sare na duka la vitabu vingeweza kufanya vivyo hivyo: mjieni mzazi wa shambani baada ya mavuno, si wiki ya kufungua shule akiwa amebaki na mabua ya mahindi.

Ukichelewa

Sasa tuseme Januari imefika na huna kitu. Njia tatu hukimbiliwa.

Mkopo wa simu. Ada ya mkopo wa M-Shwari ni 7.5% kwa siku 30, mbali na ushuru. Kwa 12,000 ni shilingi 900 kwa mwezi mmoja. Ilinganishe na zile 780 za Sacco: mkopo wa mwezi mmoja unazidi wa mwaka mzima. Ukikopa tena kuziba, baada ya miezi mitatu umetoa 2,700, na deni la 12,000 bado linakungoja. Wakopaji huidharau 7.5% kwa sababu inaonekana ndogo kuliko ile 12% ya Sacco kwa mwaka. Mwezi na mwaka wamevaa nguo moja. Daima geuza asilimia iwe shilingi, na shilingi uzihesabu hadi siku ya kumaliza deni. Huo ni mkopo wenye masharti yanayojulikana. Programu zisizo na leseni ni balaa jingine. Watanzania huita mikopo ya aina hiyo kausha damu, na jina linajitosheleza.

Kuziba pengo la malipo. Fuliza ya Safaricom, iliyoanza mwaka 2019, hukamilisha malipo salio linapopungua, kwa ada ya mwanzo na nyingine ya kila siku kulingana na kiasi. Jina lenyewe linasema: kufuliza ni kuendelea bila kukoma. Kwa siku moja au mbili ni msaada halali. Kwa karo siyo. Ada ya siku ikiwa 20 tu, mwezi ni 600, lakini hakuna siku utakayoona 600. Utaona 20 na kusema ni ya chai.

Gunia la mahindi. Mkulima hasemi amekopa, lakini amekopa. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba magharibi mwa Kenya familia huuza mahindi bei ikiwa chini, mara nyingi kwa ajili ya karo, kisha huyanunua tena miezi ya njaa. Bei kati ya misimu hiyo miwili hupanda kwa 25% hadi 40%. Ukiuza magunia ya 12,000 Januari, kuyarudisha jikoni miezi ya njaa kutakugharimu 15,000 hadi 16,800. Umelipa 3,000 hadi 4,800, na hakuna aliyekuonyesha karatasi ya riba. Kwa mwenye ghala kavu, hata mkopo wa Sacco wenye riba ya 780 unamwokoa.

Serikali nayo ina la kujifunza hapa. Kenya iliweka ukomo wa riba za benki Septemba 2016, ikauondoa Novemba 2019. Benki zilipunguza kuwakopesha wadogo, na wadogo wakaendelea kuzoea mikopo ya simu iliyo ghali zaidi. Bei inaweza kudhibitiwa kwenye karatasi, lakini mtu hufuata mlango ulio wazi. Sheria ingesaidia zaidi kama ingemlazimisha kila mkopeshaji kuandika, kabla hujabonyeza kukubali, jumla ya shilingi utakazolipa, kwa herufi zisizohitaji miwani.

Hesabu kwa ufupi, kwa shilingi 12,000

Akaunti iliyofungwa, riba ya 6%: unapata takriban 270.
Kibubu: hulipi, lakini unakosa hizo 270.
Mchezo, zamu ya mwisho: unakosa takriban 270.
Mkopo wa Sacco, miezi 12: unalipa 780.
Mkopo wa simu, siku 30: unalipa 900, ukizungushwa miezi mitatu, 2,700.
Kuuza mahindi na kuyanunua tena: unalipa 3,000 hadi 4,800.

Kati ya akaunti na mchezo, njia mbili zinazobishaniwa sana vibarazani, tofauti ni takriban shilingi 270 kwa miezi kumi. Kati ya yeyote aliyeanza Machi na yule aliyengoja Januari, tofauti huanza mamia na kufika maelfu. Kwa hiyo usipoteze usingizi kutafuta riba ya juu. Tafuta kufuli ambalo wewe, kwa tabia yako unayoijua, hutalivunja kwa anasa lakini utaweza kulifungua kwa dharura. Msahaulifu achague makato ya mshahara. Anayebanwa na jamaa achague chama. Mwenye nidhamu achukue riba yake ya simu, na asiye na nidhamu yoyote alipe shule moja kwa moja.

Mimi nimejiunga na mchezo wa watu kumi, na nimepewa zamu ya mwisho. Kibubu nimekitengeneza upya kwa pesa ndogo ya dharura, na kiko kwa mama mkwe. Nitakosa shilingi 270 za riba. Ile siku ya mechi nilitumia zaidi ya hizo.